Pikipiki moja, safu nne za makosa

Kijana anayenipeleka mjini kila asubuhi alinipigia simu saa saba usiku. "Shikamoo mzee. Chombo hakipo." Hiyo shikamoo aliitamka haraka, kama mtu anayetua mzigo ili aseme lililomleta. Alikuwa amepeleka watu kwenye harusi Buhongwa, hapa Mwanza, akaegesha nje ya ukumbi kwenye mstari wa pikipiki za wenzake, akaingia kufuata sahani ya pilau aliyoahidiwa. Alipotoka, mstari ulikuwa na pengo moja, na pengo lilikuwa lake.

Nilidhani ananiita tukatafute. Hapana. Alitaka tuwahi kituo cha polisi apate RB, ile namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi, kabla bosi wake hajaamka. Alikuwa mwezi wa 11 katika mkataba wa miezi 14, hesabu ya kumpelekea bosi Sh 10,000 kwa siku. Mnaijua mikataba hii ilivyo: pikipiki ni ya bosi mpaka siku ya mwisho, hasara ni ya dereva tangu siku ya kwanza. Asubuhi angeulizwa swali moja tu, "Umeibiwa au umeuza?", na karatasi yenye namba ya RB ndiyo ingekuwa jibu lake pekee.

Kaunta tulimkuta askari wa zamu, mtu mpole, akamsikiliza mpaka mwisho ndipo akauliza. Ilikuwa imeegeshwa au ulikuwa umeipanda? Kuna mtu amekupiga au kukutishia? Wewe ndiye mwenye mali, au umekabidhiwa? Niliona kama maswali ya kupoteza muda. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba maswali hayo matatu yalikuwa yanaamua pikipiki ile itaingia safu gani katika takwimu za nchi.

Nayakumbuka kila ninapoona ile picha tunayoizoea kwenye taarifa ya habari: uwanja wa polisi, pikipiki zimepangwa zikiwa na vumbi, nyingine hazina namba, kamanda ana fimbo mkononi, vinasa sauti vimemzunguka. Anaomba wananchi walioibiwa waje na kadi zao kutambua mali. Halafu anataja asilimia: wizi wa pikipiki umepungua, au umeongezeka, ukilinganisha na kipindi kama hiki mwaka jana. Waandishi wanaondoka na asilimia ile, jioni inasomwa, kesho inajadiliwa vijiweni.

Mimi asilimia ile nimeacha kuiamini. Sidhani kamanda anadanganya. Hesabu yake huenda ni sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba inahesabu kosa, na mwananchi anayesikiliza anadhani imehesabiwa pikipiki. Hivyo ni vitu viwili.

Chukua pikipiki moja inayotoweka Mwanza usiku mmoja. Kama ilikuwa imeegeshwa, mtu akaiunga waya au akatumia funguo malaya akaondoka nayo, huo ni wizi wa pikipiki. Kama abiria amekodi kutoka Buzuruga mpaka kwenye njia ya vumbi isiyo na taa, akamkaba dereva shingo na mwenzake akatokea na panga, huo ni unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa ambalo adhabu yake kwa sheria yetu haipungui miaka 30 jela. Kama dereva mwenyewe ameamka alfajiri, akajaza tangi na hakurudi tena, ni wizi wa kuaminiwa. Na kama yule abiria wa njia ya vumbi alipiga kwa nguvu zaidi ya alivyokusudia, linafunguliwa jalada la mauaji, na pikipiki inabaki sentensi moja ndani ya maelezo. Mama mmoja niliyekaa naye msibani Igoma aliniambia, "Ng'wanone, mtoto tumemzika, pikipiki hata hakuna aliyeiuliza."

Kuna na ya tano, ya mnunuzi anayesema "ngoja niizungushe kidogo nisikie injini" na mpaka leo anaizungusha. Hiyo naiacha pembeni, maana inanichekesha, na aliyepatwa haimchekeshi hata kidogo.

Jeshi la Polisi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa taarifa ya mwaka ya uhalifu na matukio ya usalama barabarani. Nawapa heshima yao: wizi wa pikipiki umetengwa na wizi wa magari, na wizi wa mifugo una nafasi yake. Nchi nyingi huchanganya magari na pikipiki kapu moja, na hapo pikipiki, ambazo kwetu huibwa zaidi ya magari kwa mbali, zingefunika kila kitu. Lakini safu ile inakamata hali ya kwanza kati ya zile nne nilizotaja. Zilizobaki tatu zimetawanyika kurasa nyingine, zimechanganyika na unyang'anyi wa simu, na karani aliyekimbia na fedha za ofisi, na ugomvi wa kilabuni uliozaa kifo.

Unaweza kusema nakuza jambo dogo. Basi tazama Afrika Kusini, ambako wizi wa gari lililoegeshwa na utekaji wa gari lenye mtu ndani huandikwa mbalimbali. Mwaka 2011/12 polisi wao waliandikisha matukio zaidi ya 58,000 ya wizi wa magari na pikipiki, na matukio 9,417 ya utekaji wa magari. Mwaka 2022/23 wizi ulikuwa umeshuka chini ya 40,000. Mtu akisoma safu hiyo peke yake atapiga makofi. Safu ya pili ilikuwa imepita 22,000. Maelezo yanayotolewa na wengi wanaoifuatilia hali ile ni mepesi kueleweka: magari mapya yamekuwa magumu kuwashwa bila ufunguo wake halisi, na anayelitaka gari sasa anamfuata mwenye ufunguo. Safu moja ilipungua, nyingine ikaongezeka, na iliyoongezeka ndiyo yenye bastola.

Ndiyo maana nikisikia wizi wa pikipiki umepungua katika mkoa wetu, naulizia kwanza unyang'anyi umefanyaje. Ukiwa umepungua pamoja nao, tufurahi. Ukiwa umepanda, basi wezi wameacha ukumbi wa harusi wamehamia njia ya vumbi, na hapo tumepata hasara, si nafuu.

Marekani wana hesabu ndefu za jambo hili, na zinafundisha hata kwa makosa yake. FBI, idara yao ya upelelezi, huhesabu wizi wa chombo chochote kinachojiendesha juu ya ardhi bila reli, pikipiki zikiwemo, na gari lililotekwa huingia kwenye unyang'anyi. Kwa kipimo hicho, mwaka 1991 waliandikisha magari zaidi ya milioni 1.6 yaliyoibwa, yaani karibu 659 kwa kila watu 100,000. Mwaka 2014 ilikuwa chini ya 700,000, kiwango cha 216 hivi. Theluthi moja ya kilichokuwepo, katika nchi ambayo watu na magari vyote viliongezeka.

Wezi hawakuokoka. Kilichobadilika zaidi ni ufunguo. Magari yalianza kutoka kiwandani na kifaa cha kielektroniki kinachokataa injini isiwake kama ufunguo si wenyewe. Ulaya wakakifanya cha lazima kwa magari mapya kuanzia 1998, Australia 2001, Kanada 2007. Japani, ambako magari mengi tunayoendesha hapa Mwanza yalianzia maisha yake, walikuwa na matukio zaidi ya 64,000 mwaka 2003, na takriban 5,000 mwaka 2021.

Marekani hawakuwahi kukifanya cha lazima, wakaja kulipia. Kufikia magari ya mwaka 2015, asilimia 96 ya aina za magari ya watengenezaji wengine zilikuja na kifaa hicho. Kwa Hyundai na Kia ilikuwa asilimia 26. Vijana wakagundua, wakaonyeshana kwenye TikTok, na kuanzia 2021 wizi ukapanda mpaka kupita milioni moja mwaka 2022 na tena 2023. Kampuni zikatoa programu mpya na vifunga usukani, na mwaka 2024 ikarudi kwenye 850,000 hivi, pungufu kwa asilimia 17. Nchi nzima, yenye polisi na magereza yote yale, mstari wake wa wizi ulipanda na kushuka ukifuata swichi za kampuni mbili.

Sasa turudi kwenye swichi zetu. Pikipiki inayotawala vijiwe vya Mwanza, kuanzia Nyegezi mpaka Kisesa, ni chombo kizuri sana kwa mambo mengi: kinakula mafuta kidogo, fundi yeyote anakijua, spea zipo mpaka Ukara. Ila swichi yake haimsumbui mtu mwenye bisibisi na dakika mbili. Loki ya usukani unaivunja kwa kuusukuma kwa nguvu. Ndiyo maana vijana wamejitengenezea ulinzi wao: swichi ya siri chini ya siti, mnyororo na kufuli kwenye rimu, na siku hizi kifaa cha GPS ambacho wenye pikipiki za mkataba hufunga ili waione ilipo na kuizima kwa simu. Mara nyingi kifaa hicho kimefungwa kwa sababu ya dereva kuliko mwizi, lakini kinafanya kazi zote mbili.

Sifa zile zile zinazoifanya pikipiki ipendwe ndizo zinazoifanya iibwe, na hapa ndipo naona watu wengi wanakosea wanapozungumzia umaskini na vijana wasio na ajira. Umaskini upo kila mwaka. Mwizi hahitaji pikipiki, anahitaji mnunuzi. Gari la wizi hapa kwetu ni mzigo mzito: kadi iko TRA, aina yake wanayo watu wachache na wanajuana, na fundi atakayeletewa atauliza. Pikipiki nzima nayo ina matatizo hayo kwa kiasi chake, kwa sababu ina namba ya chesisi na namba ya injini. Lakini pikipiki iliyofunguliwa haina tatizo lolote. Rimu haina namba. Tangi halina namba. Shokapu, kabureta, siti, taa, betri, cheni na sproketi zake, hakuna hata kimoja kinachoweza kueleza kilitoka kwa nani. Ikiibwa saa sita usiku, adhuhuri imeshagawanyika kwenye pikipiki sita nyingine zinazopakia abiria kihalali.

Na wanunuzi ni sisi. Rimu ikipinda kwenye mashimo, dukani unaambiwa bei, halafu fundi anakunong'oneza kwamba kuna ya mtumba, original, nusu ya bei. Kijana mwenye hesabu ya kulaza jioni atachagua ipi? Nimewahi kununua saiti mira ya gari langu kwa namna hiyo, na nilipoifunga nikaona ina mkwaruzo ninaoufahamu. Ilikuwa yangu mwenyewe, iliyong'olewa wiki mbili kabla. Sikuirudisha. Nililipa, nikanyamaza, nikaendesha.

Tukio langu hilo halimo popote. Magari ya Mwanza hayaibwi sana yakiwa mazima, yanaibwa vipande: saiti mira, taa, kontroli boksi, redio. Nani anakwenda kuchukua RB ya saiti mira? Hata Marekani spea iliyong'olewa haiingii kwenye wizi wa magari, inakwenda kwenye wizi wa kawaida. Tukisema basi kwamba wizi wa magari ni mdogo hapa kwetu, tunasema kweli kwa maana ya gari lililoondoka lote.

Suala la nani anaripoti lina uzito kuliko linavyopewa. Kwenye nchi ambako magari mengi yana bima inayolipia wizi, kila aliyeibiwa hukimbilia polisi, kwa sababu bila ripoti halipwi. Hapa wengi wetu tuna bima ndogo, ile ya lazima, inayomlipa mtu wa tatu uliyemgonga. Kuibiwa ni shauri la bima kubwa, na dereva wa bodaboda mwenye bima kubwa sijakutana naye. Kwa hiyo kinachompeleka kituoni mtu wa Mwanza ni woga wa bosi. Mwenye pikipiki yake mwenyewe, aliyeinunua taslimu, hana wa kumwonyesha karatasi. Wengine huishia kuzunguka vijiweni siku tatu na kukata tamaa. Mikataba ikienea, RB zitaongezeka hata kama wizi haukuongezeka. Takwimu itapanda kwa sababu ya deni.

Halafu kuna kugawanya kwa nini. Sensa ya 2012 ilikuta Mkoa wa Mwanza una watu 2,772,509; ya 2022 ikakuta 3,699,872. Hilo ni ongezeko la theluthi. Maana yake wizi ukiongezeka theluthi katika miaka hiyo, kwa kipimo cha watu haujaongezeka hata chembe. Lakini watu hawaibwi hapa, zinaibwa pikipiki, na pikipiki zimeongezeka kwa kasi ambayo sensa ya watu haiwezi kuionyesha. Kanuni zilizoruhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni ni za 2010. Wenye umri wangu tunakumbuka baiskeli za abiria. Siku hizo wizi wa pikipiki ungepanda kutoka wapi? Ukigawanya kwa watu utaona janga linalokua kila mwaka. Ukigawanya kwa pikipiki unaweza kukuta dereva wa leo ana nafuu kuliko yule aliyetangulia miaka kumi iliyopita.

Na hata kugawanya kwa pikipiki kuna mtego wake. Daftari la usajili linajua pikipiki inapozaliwa, haliambiwi inapokufa. Chombo kilichochinjwa spea miaka mitano iliyopita bado kinahesabika, kadi yake ipo ndani ya sanduku la mtu, na kila mwaka kinafanya kiwango cha wizi kionekane kidogo kuliko kilivyo.

Watu wanapenda kushindanisha mikoa, na hapo ndipo huwa nazima redio. Kipolisi Dar es Salaam ni mikoa mitatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na Tarime/Rorya ni mkoa wake peke yake, umetengwa na Mara kwa sababu ya mambo ya mpakani na mifugo. Kumlinganisha Temeke, ambaye kwa sehemu kubwa ni mji, na Mwanza, ambayo ina jiji na pia ina mashamba ya pamba ya Kwimba na visiwa vya Ukerewe, ni kupima samaki na kikapu chake. Wamarekani wanafanya vivyo hivyo: jiji la Washington huwekwa kwenye orodha moja na majimbo, mwaka 2023 likaongoza kwa kiwango cha wizi wa magari, watu wakashangaa. Lingeshindanishwa na majiji wasingeshangaa sana.

Kuna safu nyingine ambayo mtu wa bara asiye na ziwa hataifikiria. Kisheria tunaposema vyombo vya moto tunawaza barabara. Mvuvi wa Kayenze au wa Kome, chombo chake cha moto ni mashine ya mtumbwi, inayogharimu kuliko pikipiki, na ndiyo inayoibwa. Inafunguliwa usiku mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, au wanaifuata ziwani, wanawapokonya wavuvi mashine na nyavu na kuwaacha wakielea na kasia moja, kama wana bahati. Mashine ina namba yake, na mtumbwi una utaratibu wa kusajiliwa, lakini ikiibwa haiingii wizi wa pikipiki wala wizi wa magari. FBI nao boti wameziacha nje, ila wao hawaishi wilaya ambayo ni visiwa. Ukichora mwenendo wa wizi wa vyombo vya moto Ukerewe bila mashine za mitumbwi, umechora barabara za Nansio na kuliacha ziwa lote.

Na ziwa ni njia. Tanzania ina nusu ya Ziwa Victoria, Uganda na Kenya wamegawana nusu nyingine, na mashine iliyovuka mstari ule usioonekana imekwisha. Kwa barabarani, kwa miaka mingi anayetoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita alipita kivuko cha Kigongo–Busisi. Ilibidi asimame, apange foleni, akae dakika kadhaa kwenye mwanga mbele ya watu wanaomtazama. Juni 2025 daraja limefunguliwa, kilomita 3, unapita kwa dakika chache. Silisemi vibaya daraja. Nani aliyewahi kulala Kigongo na mgonjwa atalisema vibaya? Ninachosema ni kwamba tumepata kipimo cha bure. Anayetaka kujua kama foleni ya kivuko ilikuwa inazuia pikipiki za wizi, alinganishe za Mwanza zinazokamatwa upande wa Geita kabla na baada ya mwezi ule. Jalada za kufanyia kazi hiyo zipo kwenye makabati tayari.

Usukuma ulishapita kwenye jambo linalofanana na hili, mali yenyewe ikiwa ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa mifugo ulipozidi, vijiji vya Shinyanga na Mwanza viliunda sungusungu. Mwano, yaani yowe la kuitana, ukipigwa, kila mwanaume anatoka na upinde, kijiji kinapokezana na kijiji, nyayo zinafuatwa mpaka zizini. Serikali ikaja kuwatambua kisheria mwaka 1989. Leo vijana wa bodaboda wanafanya hivyo hivyo kwa simu: picha ya pikipiki inarushwa kwenye kundi, ndani ya nusu saa Usagara wanajua, Magu wanajua, Sengerema wanajua. Nimeiona kazi hiyo na inanifurahisha.

Isipokuwa ng'ombe ana miguu na anaacha nyayo, na mwizi wake ilibidi ampeleke mnadani akiwa mzima au amchinje watu wakaona damu. Pikipiki ikishafunguliwa haina nyayo. Kwa hiyo sungusungu wa kisasa wanamkuta mwizi tu, barabarani, kabla hajafika kwa mnunuzi. Na mara nyingi tunajua linalofuata: tairi, petroli, kiberiti. Niseme wazi kwamba huo ni uuaji. Hata asiyejali roho ya mtu na azingatie hesabu: aliyechomwa moto ndiye mtu pekee usiku ule aliyekuwa anajua banda gani hununua rimu. Kesho yake banda linafunguliwa saa mbili asubuhi kama kawaida, na jalada la siku hiyo linasomeka mauaji.

Ningekuwa na nafasi ya kuomba jambo moja kwa wanaotengeneza taarifa ya mwaka, ningeomba ukurasa mmoja tu wa ziada. Ukurasa unaofuata namba ya chesisi bila kujali kosa: vyombo vilivyopotea mwaka huu, kwa kuegeshwa, kwa kupokonywa, kwa kutoroshwa, kwa mauaji, vyote jumla moja, mashine za mitumbwi kwa namba zake, vingapi vimerudi kwa wenyewe, na vimerudi vikiwa vizima au mifupa. Namba hizo askari wa kaunta huziandika kila usiku, nilimwona akiandika kwa mkono wake, akirudia tarakimu moja moja na kijana akimwitikia.

Hilo la vizima au mifupa silitaji bure. Marekani hujivunia kwamba zaidi ya asilimia 85 ya magari madogo yaliyoibwa 2023 yalipatikana, na inaeleweka, mengi huibwa na vijana wa kuzurura nayo usiku na kuyaacha. Neno "kupatikana" kwa pikipiki zetu lina maana nyingine.

Ya kijana wangu ilipatikana baada ya siku 19, kwenye korongo upande wa Misungwi. Tulikwenda naye kuitambua. Kulikuwa na fremu, usukani, na kibati cha namba kikiwa bado kimefungwa, hata hakikuguswa. Injini hakuna, magurudumu hakuna, tangi hakuna, siti imechanwa kutafuta kile kifaa cha GPS ambacho bosi hakuwahi kukifunga. Namba ya chesisi ilisomwa, ikalingana na kadi, kijana akasaini. Bosi alichukua fremu akaiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na kijana ameanza mkataba mpya, miezi 14, siku ya kwanza. Kwenye jalada imeandikwa: imepatikana.